Kwa Hodan, Kabla ya Vioo vya Mama Kulsum

Hodan abti, mpwa wangu,

Kutoka daraja la Tana mpaka Kutulo, hakuna kioo kinachovunjika bila mimi kuletewa habari. Hilo unalijua, lakini naliandika ili liwe kwenye karatasi, kwa sababu kesho unaondoka nyumbani kwa mtu mkubwa na huenda huko Nairobi wasikuambie. Wamekuja wakuu wa wilaya hapa Garissa, wakakaa, wakahamishwa, na mji haukujua. Mimi nikienda Wajir kidogo tu kuangalia ngamia, watu wanaanza kuulizana: Gedi yuko wapi, nani atatuambia kama bilauri hii ni ya maana au ni ya kunywea maji?

Usicheke ukubwa wa herufi zangu. Mtu mkubwa huandika hivi. Tena naandika uani, juani, baada ya swala ya alasiri, wakati mama yako anadhani nimelala. Aliniambia nisubiri usiku, taa ya mafuta ipo, niandike kwa utulivu. Nikamwambia taa ni ya wanafunzi. Mistari ikipandiana, ni huyu mbuzi mweupe anayejikuna kwenye mguu wa meza, na nimemfukuza mpaka nimechoka.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Maji ya kuchemsha, nani atakupokea mtaani Islii, nguo za baridi, nani usimsalimie na nani umsalimie mara mbili, yote mama yako ameyamaliza, na akianza tena mkiwa kituo cha basi wewe itikia tu haye, haye. Mimi nataka kuzungumza juu ya vioo, kwa sababu juzi nilisikia.

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti nikifunga kamba. Sikuwa nachungulia, mtu wa hadhi yangu hachungulii. Ukamwambia mama yako: "Hooyo, na kama abti anajigamba tu? Yule Mama Kulsum, kabla ya kunipa kazi ya vioo vyake, atanipangia vyombo mezani aniambie chagua cha kale na kipya. Nikikosea nitarudi na gari lile lile." Na mama yako, badala ya kunitetea mimi ndugu yake wa tumbo moja, akasema: "Ukirudishwa utakaa na mimi tuuze maziwa, na habari ya kuondoka tusiisikie tena." Kamba niliiacha bila kuifunga.

Basi nimekaa kukuandikia. Nakutaka ufike kwenye meza ile ukiwa umetulia. Na ili ujue kwamba unachokijua unakijua, lazima nikurudishe nyuma kidogo, tena nipite penye mashimo yangu mwenyewe, ambayo kwa kawaida huwa nayazunguka.

Kiswahili hiki, kwanza, nilifundishwa na mwalimu wa Kilamu kule Ijara mpaka darasa la nne. Darasa la nne la siku zile, wallahi, lilikuwa sawa na digrii mbili za sasa. Niliacha kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa vya kunifundisha. Ni kweli pia kwamba ngamia wa baba walikuwa wamekosa mchungaji, lakini hiyo ilikuwa sababu ndogo. Kisomali nakizungumza tangu tumboni, ila kukiandika hakuna aliyenionyesha, ndiyo maana unasoma lugha ya mwalimu yule.

Vioo vilinipata nikiwa dalali wa ngamia. Nilikuwa nimekwenda upande wa Wajir, karibu na visima, kumtazama dume mmoja mkorofi ambaye watu wote walimwogopa. Mimi nilimtazama machoni akalala chini mwenyewe. Wakati nasubiri mwenye ngamia amalize chai yake, nikatembea mahali palipokuwa na kambi ya askari wa wakoloni zamani, mchangani, na mguu wangu ukagonga chupa. Nikachimba kwa fimbo. Nyingine. Nyingine. Zilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, kama maji uliyotia tone moja la wino.

Mtu yeyote mwenye akili angejiuliza rangi ile imetoka wapi. Mimi nilijua papo hapo. Nilisema ni uchafu.

Nilizifunga kwenye gunia, nikaziweka juu ya lori la ng'ombe, na fahali mmoja akakanyaga gunia lile njia nzima mpaka Garissa. Chupa hazikuvunjika hata moja. Fahali ndiye aliyeshuka akichechemea. Hilo mama yako hulikataa, lakini hakuwepo. Nilipofika nikachukua mchanga wa mtoni na jivu nikazisugua ziwe nyeupe. Nilisugua asubuhi nzima, nikijisifu kwa wapita njia. Zambarau haikutoka. Kilichotoka ni ule mng'ao. Zikawa na ukungu kama jicho la ngamia mzee. Moja tu ilibaki salama, kwa sababu mkono ulikuwa umechoka.

Hiyo moja ndiyo iliyonionyesha mlango. Palikuwa na mhandisi wa visima, mzungu mwenye ndevu nyekundu, aliyekuwa akikaa karibu na soko la mifugo. Akaiona mkononi mwangu akasimama kama aliyeona jamaa yake. Nikajua anaitaka. Sasa mimi biashara niliyoijua ni ya ngamia, na ngamia hauzwi kwa kupiga kelele. Wewe umeona: wawili wanaingiza mikono chini ya shuka, vidole vinazungumza, na waliosimama pembeni wanabaki na macho tu. Nikavua shuka begani, nikaufunika mkono wa mzungu, nikambana kidole kimoja, bei ya mbuzi mdogo, nikasubiri jibu.

Mzungu alidhani ni urafiki. Akaushika mkono wangu wote, vidole vyote, akaubana kwa nguvu na kuutikisa huku akicheka. Kwa lugha ya mikono yetu alikuwa amejipandishia bei mwenyewe mpaka kufika ngamia jike mwenye mimba.

Madalali wenzangu wakaniuliza, "Vipi, Gedi, amefika wapi?"

Nikafikiri. Nikiwaambia kweli, hawatanisadiki, na mimi nilishawaambia mengi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kupata kitu cha ajabu kisicho na chumvi, na sikuweza kukitumia. Nikatoa shuka nikamwambia mzungu kwa mdomo bei ya mbuzi, akatoa bila neno. Tangu siku hiyo nimejua kwamba bei haiko kwenye chupa. Iko kati ya watu wawili, na kwanza hakikisha mnazungumza lugha moja. Nimeona chupa ile ile ikikataliwa na mtu kama takataka asubuhi, na jioni mwingine akaibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Muuzaji asikasirike asubuhi na asijivune jioni. Mimi huwa nafanya yote mawili, lakini wewe usifuate.

Mhandisi yule ndiye aliyenieleza habari ya zambarau. Kioo cha zamani sana walikitia dawa kiwandani ili kiwe cheupe, na dawa ile ikilala juani miaka mingi inageuka rangi. Cha siku hizi hakigeuki, hata ukikiacha juani mpaka siku ya kiyama. Hayo ya mwisho aliyasema, lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilichosikia ni jua. Na Garissa, abti, tuna upungufu wa nini kama si wa vitu vyote isipokuwa jua?

Hili hujaambiwa kwa sababu nilimwapisha mama yako. Nilikusanya chupa tupu za soda kutoka hotelini, nikazipanga juu ya mabati ya nyumba, nikasubiri ziwe za kale. Nilipanda kuziangalia kila siku kama mtu mwenye shamba. Majirani waliuliza, nikasema ni mambo ya serikali. Upepo ukija usiku zilipiga kelele kama majini wanaolia mazishini. Mwishowe mwenye hoteli akaja na mkokoteni akasema, "Gedi, teremsha chupa zangu, watu wanataka soda." Zilikuwa nyeupe vile vile. Kilichogeuka rangi ni shingo yangu.

Sasa nije kwa lile jagi, kwa sababu hilo ndilo nataka likae karibu nawe siku ya meza.

Ulikuwa mdogo, hujapanda bado kitanda cha kamba bila kusaidiwa. Nililinunua kwa mzee aliyekuwa mpishi wa afisa mmoja zamani, mtu mkimya, aliyelifungia kwenye sanduku na nguo za marehemu mke wake. Jagi zito, lenye michongo iliyokatwa ikakata mwanga, na ukiligonga kwa ukucha linalia, na mlio unaendelea, unaendelea, mpaka unasahau ulikuwa unasema nini. Masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Kioo chepesi cha dukani kinasema "tuk" kikanyamaza, kama mtu aliyeulizwa deni. Kile kizuri kinaimba. Nilijua nimeshika kitu.

Lingetosha hivyo lilivyo. Lakini mimi, ulimi wangu hauwezi kukiacha kitu kitembee na miguu yake. Nilipofika nyumbani palikuwa na wageni, nikasema: hili lilikuwa jagi la gavana. Wakatikisa vichwa. Nikaona hawajatosheka. Nikasema: gavana alikuwa akinywea maziwa ya ngamia humu, kila asubuhi, daktari wake alimwamuru. Wakasema mashallah. Nikaenda msikitini nikiwa nimejaa.

Mama yako ni mwanamke wa nyumba. Amesikia kaka yake ameleta chombo cha maziwa. Chombo kigeni cha maziwa kinaingia nyumbani, kinafanyiwa nini? Alifanya alichofanya mama yetu, na mama yake: akalisuuza, akachukua makaa ya moto ya mti ule mzuri tunaoufukizia, akayatia ndani ya jagi, akafunika ili moshi uingie vizuri na maziwa yapate harufu.

Nilisikia kutoka kwenye kizingiti cha msikiti. Wengine hawasadiki, lakini nilisikia. "Tak."

Nikamkuta amekaa mbele yake, mikono mapajani. Ufa ulikuwa umetoka chini ukazunguka mpaka mpini. Nikafungua mdomo nimtukane, na yeye akaniangalia kwa utulivu, akasema, "Walaal, ndugu yangu, si wewe uliyesema ni la maziwa?"

Nikayazoa makaa, nikafagia mwenyewe. Unajua hiyo ni nadra.

Nimewasimulia watu habari ya jagi lile mara nyingi, na kila mara nasema lilivunjwa na radi. Kwako naandika lilivyokuwa. Moto haukulivunja peke yake. Uongo wangu ndio uliobeba makaa. Kama ningesema "jagi zuri, limekatwa kwa mkono, sijui lilikuwa la nani," lingekuwa zima leo, na pengine lingekununulia godoro la huko uendako. Kwa hiyo mtu akikuuliza historia ya chombo na huijui, sema huijui. Mwambie unachokiona. Hapa pana kovu walipokikata kutoka kwenye bomba la kupulizia. Hapa hakuna mshono, kwa hiyo hakikutoka kwenye kalibu. Hapa ukingoni pamemeguka kidogo. Wanunuzi wazuri wanasikiliza hayo. Wanaotaka gavana, waelekeze kwangu.

Na wewe hilo uliliweza kabla sijakufundisha. Unamkumbuka yule mama wa Kismayu?

Ilikuwa wakati watu wamejaa kambini Dadaab, na wengine walikuja mjini na kidogo walichookoa. Yeye alikuja na mrashi, chupa ile ya kunyunyizia marashi, shingo ndefu, imefungwa kwenye kitenge na kupakwa masizi ya safari. Alikaa mkekani pale kwenye duka langu la vioo vya kale, akanywa chai, hakusema shida zake. Ulikuwa umetoka madrasa, kitabu kichwani. Mimi nikaupima mrashi mkononi, nikaugonga, nikauona si mbaya. Nikakupa wewe nikasema kama kawaida, "Mimi nimeshaona. Sema wewe."

Nilitaka useme neno dogo tu, la kawaida, ili tununue kwa bei ya kawaida. Wewe ukaugeuza, ukaupangusa kwa pembe ya mtandio, ukasema kwa sauti ya kusoma: "Abti, huu umepulizwa kwa mdomo, kovu liko chini. Na huku shingoni kuna dhahabu chini ya masizi. Na chini kumekwaruzika pande zote, kidogo kidogo, si kama vile vinavyokwaruzwa kwa msasa vionekane vya kale. Ni wa zamani kweli."

Yule mama akaweka kikombe chini. Akanitazama mimi. Akakutazama wewe. Akacheka, na nadhani hakuwa amecheka tangu avuke mpaka pale Liboi.

"Kumbe dukani kwako mwenye duka ni huyu," akasema.

"Nilikuwa nampa nafasi," nikasema.

"Endelea kumpa," akasema, akaufunga mrashi wake kwenye kitenge, akaondoka nao.

Nilikununia. Ulikuwa unaniletea chai nami naipokea nikitazama pembeni. Uliniuliza, "Abti, nilisema uongo?" na mimi nikajibu kwamba biashara ina mambo. Haikuwa na mambo. Nilikuwa nimeona aibu kwamba kusema kweli kulikutoka rahisi kama kupumua.

Kisha akarudi. Akarudi na mrashi, akauza kwa bei yake ya haki, na nyuma yake wanawake wengine, mmoja na sinia la bilauri ndogo za harusi kutoka Mogadishu, mwingine na bakuli la kijani la Kitaliano, mwingine hana kitu, amekuja tu kumwona msichana anayewaambia watu thamani ya vitu vyao. Duka hili mpaka leo linasimama juu ya siku ile. Mimi nikawa nawaambia watu kwamba ndivyo nilivyopanga. Nadhani ulinisikia mara kadhaa, na hukunikatiza, na kwa hilo Mungu akulipe.

Na Mama Kulsum, alipopita hapa mwaka ule wa mvua kubwa, barabara imekatika na yeye amekwama mjini na dereva wake, ni nani alimwonyesha zile chupa mbili za kizibo? Mimi nilimwambia ni jozi kutoka ikulu. Wewe ulinisubiri nimalize, ukazungusha kizibo cha moja, ukasema, "Mama, kizibo hiki si chake. Kinakaa, lakini kinacheza. Walikibadilisha. Jozi ya kweli ingekuwa na bei nyingine." Akakuuliza una umri gani. Halafu akacheka kusikia mimi nakuita abti na wewe unaniita abti. "Sasa nani mjomba na nani mpwa?" Nikamwambia kwetu jina ni moja, linakwenda na kurudi. Alipanda gari akiwa amenunua ile moja yenye kizibo chake, na tangu hapo barua zake zote zinamwulizia Hodan. Mimi ananitumia salamu mwishoni, pembeni kabisa, kama mtu aliyekumbuka.

Kwa hiyo huendi Nairobi kwa sifa zangu. Sifa zangu, ukitaka kujua, zilikuwa karibu zikuzuie.

Siku ya meza, atakupangia vyombo. Usishike chochote haraka. Kaa, omba chai kama hawajakupa, tazama mwanga unavyopita. Kisha anza na kile kibaya kuliko vyote, kwa sababu kila mtu huanza na kinachong'aa na kinachong'aa huwa kimewekwa hapo kwa kazi hiyo. Kishike kwa mikono miwili juu ya meza, si juu ya sakafu. Usikivute kizibo kwa nguvu kikikwama. Mafuta kidogo, joto la kiganja, subira. Nilikilazimisha kimoja mbele ya mnunuzi na shingo ikabaki mkononi mwangu, nikamwambia mnunuzi kwamba sasa ni vipande viwili kwa bei ya kimoja. Na ukifika kwenye kile usichokijua, na kitakuwepo, mwambie, "Hiki sikijui, nifundishe." Mimi maneno hayo sijawahi kuyatamka. Nimeyaandika sasa hivi kwa mara ya kwanza, na naona hayaumi sana.

Nimekufungia kwenye sanduku lako ile chupa ya zambarau iliyobaki. Si ile ya mhandisi, ni nyingine niliyoichimba baadaye, pale pale Wajir, ambayo sikuisugua. Iko ndani ya ile sweta ya kijani. Usiiuze hata ukiwa na njaa. Iweke dirishani. Imelala juani kwetu miaka mingi hakuna aliyeitazama, na jua likaifanyia kazi yake kimya kimya. Sisemi zaidi, nisije nikaanza kuhubiri, na mama yako anatosha.

Sasa limebaki jambo dogo. Nimelizunguka tangu herufi ya kwanza.

Muhula ule ulipokuwa shule ya bweni, nilinunua bilauri nzito kwa kijana mmoja sokoni, karibu na kinu cha kusaga, jenereta inanguruma, sikuweza kusikia mlio wake. Nikawatangazia watu ni za Venisi, mji wa mafundi wa vioo kule Italia. Uliporudi ukageuza moja, ukanitazama, ukazibeba zote ukazipeleka jikoni. Chini yake palikuwa pameandikwa jina la kiwanda cha hapa hapa Kenya, kwa herufi anazozisoma mtoto wa chekechea. Tunanywea maji mpaka leo. Hukuniuliza niliwezaje kutoona. Nikashukuru hukuuliza.

Sioni, Hodan. Mbali naona: naona twiga ng'ambo ya Tana na ninaweza kukuambia kama ana mimba. Lakini karibu, kitu kikiwa mkononi mwangu, kina ukungu kama zile chupa nilizozisugua. Ilianza ulipokuwa darasa la tatu. Mlio ulikuwa wangu, uzito ulikuwa wangu, hayo usininyang'anye. Lakini kovu, mshono, mikwaruzo, dhahabu chini ya masizi, maandishi, mimi sijaviona miaka yote hii. Nilipokuwa nakupa chombo na kusema "Mimi nimeshaona, sema wewe," sikuwa nimeona kitu. Ulidhani nakujaribu. Sikuwa nakujaribu, abti. Nilikuwa nakuuliza.

Basi hesabu mwenyewe. Kila kioo kilichotoka nyumba hii na sifa nzuri juu yake, ni wewe uliyekisema, na hakuna hata kimoja kilichorudishwa. Meza ya Mama Kulsum umeikalia tangu ulipokuwa na kitabu cha madrasa kichwani. Akikuuliza nani alikufundisha, sema ni abti yako. Jina linakwenda na kurudi, hutakuwa umesema uongo.

Ukipata nafasi huko, niulizie miwani, ya kusomea, yenye fremu ya mtu mzima, isiwe ya rangi. Umpe dereva wa basi, aifunge kwenye gazeti, aseme ni dawa. Mama yako asijue.

Barua hii siwezi kuirudia kuisoma. Kama kuna mahali nimejisifu kupita kiasi, ni kwa sababu sikuona nilichokuwa naandika.

Abti yako,
Gedi